Hata Kama Hakiumi

20 Februari

Mwanangu Wino,

Jumanne tarehe 4 Februari, saa nne na robo asubuhi, nilipoteza kidole gumba cha mguu wa kushoto. Walikikata hospitali, kwa adabu zote, mimi nikiwa macho na wao wakibishana habari za mpira. Nilikuwa na ishirini, sasa nina kumi na tisa. Na fundi viatu hupima mguu kuanzia kisigino mpaka kidole gumba, kwa hiyo wamenikata palepale ninapoanzia hesabu.

Hasara kwanza, salamu baadaye. Hujambo? Wifi yangu, mama yako, hajambo? Mwambie nimepata ile blauzi, inanibana mabega lakini rangi yake naipenda. Mafundi wangu wanne ni wazima, ila yule mrefu amepata mchumba na sasa anagonga nyundo kwa mahadhi. Cherehani ya pili imepona. Mimi natembea kwa mkongojo. Niliukata mwenyewe sentimita nne, maana waliniuzia wa mtu mrefu na bei ya mtu mrefu.

Usinipigie simu. Kwenye simu wewe husema "ndiyo, Shangazi" mara nane kwa dakika, na hakuna hata moja iliyoingia. Barua huwezi kuiitikia bila kuisoma.

Sasa neno lililonikalisha hapa. Mwezi wa Novemba kliniki walinipa karatasi ya kijani, "Utunzaji wa Miguu kwa Wenye Kisukari". Chini kabisa imeandikwa kwamba imetoka kwenye ofisi ya elimu kwa wagonjwa ya hospitali kuu, yaani hapohapo unapofanya kazi wewe. Nilivimba kichwa. Nikaionyesha kwa wateja watatu kabla sijaisoma. Halafu nikaisoma. Nakunukulia sentensi moja, uione:

"Aidha, inashauriwa kwamba mgonjwa afanye ukaguzi wa mara kwa mara wa nyayo zake ili kubaini uwepo wa majeraha, malengelenge au mabadiliko yoyote ya rangi ya ngozi, na pindi yatakapobainika, hata pasipo kuwapo hisia za maumivu, awasilishe taarifa hiyo kwa mtoa huduma ya afya bila kuchelewa."

Maneno arobaini na tano. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili kwa kidole, maana ya kwanza nilidhani nimekosea. Siku ile ya Novemba nilifika kwenye "malengelenge", neno la kumi na tisa, pumzi ikakata. Nikaikunja karatasi mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza ya kukatia ngozi, ambao ulikuwa ukiyumba tangu mwaka juzi. Meza imetulia. Kwa hiyo siwezi kusema haikufaa kitu.

Mimi si mjinga, Wino. Nilianza na nyundo moja na kigoda cha kuazima chini ya dari ya watu. Nasoma gazeti, nasoma mikataba, na hakuna muuza ngozi aliyewahi kunipunja futi moja. Lakini karatasi ile ilinifanya nijione mjinga, na mtu akijiona mjinga haulizi. Anakunja karatasi.

Nina maswali mawili. La kwanza: nani ameiandika? La pili: wewe umepima sukari? Babu yako alikuwa nayo, baba yako alikuwa nayo, mimi ninayo. Tatu kwa tatu.

Shangazi yako,
Fundi


11 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, najua, na najua umehesabu siku. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za ofisi, nikakaa chini hapohapo, watu wakawa wananiruka. Pole, Shangazi. Pole sana. Kwa nini hukutuambia? Mama alilia, halafu akacheka uliposema bei ya mtu mrefu, halafu akanigombeza mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuuzia mkongojo.

Mama hajambo. Amenunua kuku sita na amewapa vyeo: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na wajumbe watatu. Mwenyekiti hatagi. Mama anasema ndivyo ilivyo kila mahali. Mimi ni mzima, kazi tu. Ofisi yetu imehamishiwa ghorofa ya tatu, upande wa jua, joto lake ni la tanuri. Nakunywa maji kama ngamia aliyefika kisimani. Ile chupa kubwa naijaza mara nne mpaka saa za kutoka.

Kuhusu karatasi ya kijani: iliandikwa na ofisi, miaka minne iliyopita. Ndivyo zilivyokuwa zikiandikwa wakati ule.

Lakini sikiliza, Shangazi, maana barua yako imekuja siku njema. Mwezi uliopita tumewekewa programu ya akili bandia kwenye kompyuta zetu. Unaipa maandishi, unaiambia unavyotaka, nayo inakuandikia upya kabla hujafungua kifuniko cha chupa. Mkuu wa ofisi aliniita akasema, "Tuna vipeperushi thelathini na moja ambavyo hakuna anayevisoma. Anza na chochote." Nikaanza na ile ya kijani. Nilianza nayo kwa ajili yako.

Mara ya kwanza niliiambia, "Andika kwa lugha rahisi sana." Ikaniletea hivi: "Habari, rafiki! Je, unajua miguu yako inakupenda?" Nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuchungulia. Hadi leo akiniona anauliza kama miguu yangu inanipenda. Nikaiambia tena, "Andika kwa mtu mzima mwenye akili zake, mwenye kazi, asiye na muda. Sentensi fupi. Maneno machache." Angalia sasa ile sentensi yako ya maneno arobaini na tano ilivyokuwa:

"Angalia miguu yako kila siku. Ukiona kidonda, lengelenge au ngozi imebadilika rangi, nenda kliniki siku hiyo hiyo."

Kumi na saba! Mimi nami nimehesabu. Karatasi nzima nimeiambatanisha humu. Mkuu ameisoma akasema, "Safi, ipelekwe kwa mchapaji." Zinatakiwa nakala elfu thelathini, kwa kliniki zote, mwanzoni mwa Juni. Nimemwomba anipe muda kidogo, maana kuna msomaji mmoja ninayemwogopa kuliko yeye.

Uniambie ukweli, Shangazi. Na uniambie pia kidonda kilianzaje. Hukusema.

Mwanao,
Wino


2 Aprili

Mwanangu Wino,

Marahaba. Siku kumi na tisa, na mbili za basi. Nimehesabu.

Mguu unapona. Daktari anasema nyama ni nzuri, nikamwambia angeliona hilo kabla ya kuikata. Fundi mrefu anaoa mwezi wa nane. Amejishonea viatu vya harusi na vyote viwili ni vya kulia. Mapenzi. Mwambie mama yako amchinje mwenyekiti.

Karatasi yako nimeisoma mara moja tu, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, nikaielewa yote. Nakiri. Nilifurahi hata nikaondoa ile ya kijani chini ya meza niilinganishe, meza ikaanza tena kuyumba. Lakini mimi kiatu sikipimi kwa kukitazama. Nakipima mguuni. Kwa hiyo Jumatano iliyopita nilichukua karatasi yako nikaenda nayo kliniki.

Unalijua lile benchi la kusubiri, refu kama foleni ya mwisho wa mwezi. Sista wa kliniki, mwanamke mnene wa sauti, aliniuliza, "Wewe siku yako ni Ijumaa, leo umefuata nini?" Nikamwambia nimekuja kazini. Walikuwapo watu kumi na wawili. Nikampa kila mmoja dakika tatu na karatasi, halafu namnyang'anya, namuuliza: imesema nini? Kumi na mmoja walinieleza bila kukosea. Muuza mayai aliieleza vizuri kuliko ilivyoandikwa. Wa kumi na mbili ni mwalimu mstaafu, huyo alidai kalamu kwanza asahihishe.

Kumi na mmoja kwa kumi na wawili! Benchi zima likawa linabishana kuhusu miguu. Dereva mmoja mstaafu alisema mke wake hajaitazama miguu yake tangu harusi. Muuza mayai akamjibu, "Na siku ile alitazama kwa sababu ulimkanyaga." Sista alitoka mara mbili kutunyamazisha, mara ya tatu akakaa.

Ningeweza kuishia hapo nikakupongeza. Lakini nilikuwa na swali langu moja, nikaliuliza mwisho: "Umevua kiatu, umekuta kakidonda kadogo chini ya kidole. Hakaumi hata kidogo. Unafanya nini?"

Wino, kumi na mmoja kwa kumi na wawili walisema watasubiri. "Nitapaka mafuta." "Nitaosha na chumvi." "Kama hakiumi, si kidonda hicho, ni alama." Watu walewale waliokuwa wametoka kunieleza waende siku hiyo hiyo! Mwalimu peke yake ndiye alisema angekwenda, na ni kwa kuwa anapenda kubishana na madaktari.

Nikarudi karakana nikaitoa tena ile ya kijani. Neno la thelathini mpaka la thelathini na tano: "hata pasipo kuwapo hisia za maumivu." Maneno sita. Yalikuwamo, Wino! Yamefunikwa na udongo, lakini yalikuwamo. Mashine yako imeufagia udongo wote, na kito kikaenda na ufagio.

Uliuliza kidonda kilianzaje. Nilikuwa sitaki kusema, na ukimwambia mtu yeyote zaidi ya mama yako nitakukana. Unajua kazi yetu. Kiatu hakitoki kwenye karakana yangu kabla sijaingiza mkono ndani nikapapasa, kisigino, ubavu, mpaka mbele kabisa, kutafuta ncha ya msumari. Miaka ishirini na saba. Hakuna mteja wangu aliyewahi kuchomwa. Nimemfukuza fundi mmoja kwa kusahau kupapasa. Jumatatu tarehe 13 Januari nilivua kiatu changu mwenyewe nikakuta soksi ina damu. Ndani kulikuwa na msumari wa nusu inchi. Msumari wangu, kiatu changu, nyundo yangu. Nilikuwa nimejibadilishia soli haraka haraka nikavaa, bila kupapasa. Nani apapase cha kwake?

Na sikusikia kitu. Mguu ulikuwa na ganzi, nami nilidhani ni uzee. Nikasema hakiumi, ni kitu kidogo. Nilikaa siku tisa. Nilikwenda hospitali siku wateja walipoanza kusimama mlangoni wameziba pua badala ya kuingia.

Kwa hiyo usipeleke hiyo karatasi kwa mchapaji. Ni nzuri, na ingenikata kidole vilevile.

Jambo jingine. "Iliandikwa na ofisi." Ofisi haina mkono, mwanangu. Katika ukurasa ule kuna "aidha" saba. Ninayo barua ya msichana wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa bweni: "Aidha, naomba sabuni. Aidha, naomba viatu. Aidha, chakula ni kibaya." Tangu mwezi wa Novemba nilijua ni nani. Nilitaka useme mwenyewe.

Swali la sukari hukulijibu. Nalirudia. Hii ni mara ya pili.

Shangazi yako,
Fundi


24 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo.

Ni mimi. Niliiandika mimi, wiki ya tatu tangu niajiriwe. Mkuu wa wakati ule alikuwa mtu wa tai na msamiati, nami nilitaka aone kwamba nimesoma. Kila sentensi niliyoirefusha nilijiona nimepanda ngazi moja. Sikuwahi kumwona mtu akiisoma. Sikuwahi kujiuliza ni nani atakayeishika. Na aliyeishika ni wewe, uliyenisomesha kwa soli za viatu vya watu. Nilipofika kwenye ile "aidha, naomba viatu" nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, mama akaniwekea mkono kwenye paji la uso kupima homa.

Nisamehe, Shangazi. Sina sentensi ndefu ya hilo.

Kesho yake nikairudia ile programu. Nikaiuliza, yale maneno sita yamekwenda wapi? Ikanijibu kwa upole, bila kuzungukazunguka kama mimi nilivyofanya nilipokujibu wewe: iliyaacha kwa sababu niliiambia iandike kwa maneno machache, na yale ilidhani ni nyongeza tu. Haikujua kwamba ndiyo kiini. Itajuaje? Haijawahi kuvaa kiatu. Aliyetakiwa kujua ni mimi, na mimi nilikuwa nashangilia kumi na saba.

Basi nimeanzisha utaratibu mpya hapa ofisini, na nimeuita kwa jina lako la kazi: kupapasa. Kabla ya kuipa mashine karatasi yoyote, mimi na daktari wa miguu tunaandika kwenye kipande cha karatasi mambo ambayo yakipotea mtu ataumia. Tunaiita orodha ya misumari. Mashine ikishaandika, naingiza mkono: huu upo, huu upo, huu hamna, rudi. Na baada ya hapo karatasi lazima iende kwenye benchi. Jana niliupapasa ujumbe wa dawa za presha nikakuta misumari miwili haimo. Mashine inafanya kazi ya wiki nzima kwa asubuhi moja, sitaki kuisingizia. Lakini kiatu hakitoki bila mkono.

Mkuu wa sasa mwanzoni alikataa. "Mashine imeshaandika, imeandika vizuri, ya nini tena kusumbua wagonjwa kwenye mabenchi?" Nikamsimulia habari zako pale pale mkutanoni, bila jina, niapishe kwa lolote utakalo. Nilipofika kwenye "nani apapase cha kwake", tukamwona anainama chini ya meza. Akavua kiatu, akaingiza mkono, akatoka na kifuniko cha kalamu. Alisema alikuwa akikitafuta tangu wiki iliyopita. Watu saba mezani, na wote saba tukavua viatu. Katibu wake alifungua mlango akatukuta hivyo, akaufunga taratibu.

Hii hapa ya sasa:

"Kisukari hutia miguu ganzi. Unaweza kuwa na kidonda na usisikie kitu.
Kila siku tazama miguu yako, juu na chini. Chini tumia kioo, au mwombe mtu akutazamie.
Kabla ya kuvaa kiatu, ingiza mkono ndani upapase.
Ukikuta kidonda, hata kama hakiumi, nenda kliniki siku hiyo hiyo."

Mstari wa tatu ni wako. Mashine iliniuliza kama naweza kuubadilisha uwe "kagua viatu", ni mfupi zaidi. Nikaiambia asante, huo hauguswi.

Mchapaji anasubiri. Mkuu amesema neno la mwisho ni la benchi lako.

Nyumbani wote wazima. Katibu amehatamia mayai tisa, mwenyekiti bado yupo madarakani. Sketi zangu zote zimelegea, mama anasema nimependeza, dada zake wananiuliza siri. Siri ni kazi. Kuhusu swali lako la mwisho, kinyozi hajinyoi, Shangazi, na mwezi huu kazi imenizidi.

Mwanao,
Wino


19 Mei

Mwanangu Wino,

Marahaba, na marahaba tena. Umesamehewa. Mtu akikiri kwa maneno machache hivyo, naye ana "aidha" saba kwenye rekodi, ujue ametubu kweli.

Nimeanza na habari njema maana leo ninazo. Mkongojo nimemwachia mjukuu wa jirani anacheza nao. Natembea kwa kiatu nilichojitengenezea, mbele nimejaza sifongo mahali pa kidole, na kama hukuambiwa hujui. Nimewatengenezea wengine wawili wa kliniki. Sista ameniomba niwe nakuja kila Jumatano. Ameniwekea kiti changu mwenyewe mwisho wa benchi, na amekiandika kwa chaki: FUNDI.

Karatasi mpya nimeipeleka Jumatano mbili. Watu ishirini. Swali ni lilelile: kakidonda kadogo, hakaumi, unafanya nini? Kumi na wanane walijibu "kliniki, leo hii". Waliobaki ni wawili. Mmoja alikuwa amelala. Mwingine ni yule mwalimu, ambaye alisema angekwenda kesho asubuhi kwa sababu mchana foleni ni ndefu. Tulimzomea mpaka akabadilisha.

Sasa sikiliza hili, ulisome polepole. Jumatano ya pili, yule dereva mstaafu alifika kwenye mstari wa tatu, akacheka, akasema, "Mimi nipapase kiatu? Kiatu hiki nimekivaa miaka sita, tunajuana." Muuza mayai akamwambia, "Hata mkeo mnajuana, na bado hujui anachokuficha." Akavua, kwa ubishi tu. Akaingiza mkono. Uso ukabadilika. Akatoa kokoto, ndogo kama punje ya mahindi. Nikamwambia, geuza mguu. Hakuweza kuugeuza, tumbo linamzuia, nikamgeuzia mimi. Chini ya kidole cha pili palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kitufe cha shati. "Kinauma?" "Hakiumi." Na hapo hapo yeye mwenyewe, bila mtu kumwambia, akasema kwa sauti kama mtoto darasani: "Hata kama hakiumi, siku hiyo hiyo!" Benchi zima likapiga makofi. Sista akamshika mkono akamwingiza ndani, mguu mmoja na kiatu, mwingine bila.

Jana nimemwona. Kidonda kimefunga. Ana vidole kumi. Nilivihesabu mwenyewe, nikamwambia avitunze, maana kimoja kati ya hivyo ni changu.

Kwa hiyo mwambie mkuu wako benchi limesema ndiyo. Elfu thelathini, wachape. Mashine yako nayo ipe salamu. Sina ugomvi nayo. Fundi mzuri ni yule anayejua kazi yake itapapaswa.

Sasa tuje kwako.

Kwenye barua ya Machi uliniandikia kwamba unajaza chupa kubwa ya maji mara nne kwa siku, ukasema ni joto la ghorofa ya tatu. Wenzako wa ghorofa hiyohiyo wanajaza mara ngapi? Hukusema. Kwenye barua ya Aprili sketi zote zimelegea, ukasema ni kazi. Mimi nimefanya kazi miaka ishirini na saba, sketi hazijawahi kulegea. Swali la sukari nimekuuliza mara mbili. Mara ya kwanza uliliruka. Mara ya pili ulinipa methali. Babu yako, baba yako, mimi: tatu kwa tatu. Baba yako naye alikunywa maji mengi mwaka ule wa mwisho wake, nasi tukasema ni joto. Haya ni maneno ambayo sijawahi kumwambia mama yako, na sasa nimekuandikia wewe.

Kinyozi hajinyoi, ni kweli. Ndiyo maana kuna vinyozi wawili mjini. Umepapasa viatu vya watu elfu thelathini, mwanangu. Chako umekivaa tu. Umechoka, una kiu, unapungua, na unajiambia hakiumi. Maneno hayo umeyaandika wewe mwenyewe. Msumari wangu nilikuonyesha, ingawa ulinitia aibu. Nawe nionyeshe wako. Na kama haupo, tutacheka wote, na nitamlipia mwenyekiti pensheni.

Kwenye kifurushi hiki kuna kiatu. Ngozi laini, kisigino kifupi, cha kazini, nimekishona kwa mkono wangu na nimekipapasa mara tatu. Ni kimoja tu, cha kushoto. Usidhani nami nimepata mchumba kama fundi mrefu. Cha kulia kipo hapa juu ya meza, naye aliyekishikilia ni mimi.

Jengo lenu lina maabara chini, ngazi ni tatu, nimekuja hapo nazijua. Nenda asubuhi kabla ya chai, utoe tone moja la damu. Safari hii usiniandikie, barua itachelewa: nipigie simu. Nimekuruhusu. Lakini usiniambie "ndiyo, Shangazi", wala usinieleze habari za ofisi. Nataka namba. Sukari yako ni ngapi?

Nakupa mpaka Ijumaa tarehe 30 Mei, saa sita kamili mchana. Saa sita na dakika moja nafunga karakana, napanda basi na kiatu cha kulia mkononi. Ngapi, Wino?

Shangazi yako,
Fundi